Wasifu wa Marehemu Mzee Sikio, Fundi Aliyesikiliza Waya

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Jina la Sikio alipewa na dada yake mkubwa. Akiwa na miaka saba aliifungua redio ya baba yao, akashindwa kuifunga, akashinda nayo sikioni kutwa nzima akidai bado inanong'ona.

Alisoma shule ya msingi ya reli, kisha sekondari ya ufundi, na mwaka 1979 alihitimu stashahada ya elektroniki. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, lakini haulizi." Ni kweli. Aliona haya kuwauliza watu, akazoea kuviuliza vitu vyenyewe.

Tarehe 1 Februari 1980 aliajiriwa kuwa fundi wa vipimo katika maabara ya maji ya mji, na hakuhama tena. Jioni alitengeneza redio kibarazani. Hapo ndipo mteja mmoja, mshonaji, alipofuata redio yake kwa miezi minne.

"Hii redio yangu ina ugonjwa gani usiopona?" aliuliza.

"Ukija inapona, ukiondoka inaugua."

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa mtoto wa kiume na binti.

Agosti 2016, kompyuta iliyoendesha kipimo kikubwa cha maabara, mashine ya kupimia maji, ilianza kuzimika ovyo. Kampuni iliyotengeneza kipimo hicho ilishafungwa, na hapakuwa na kitabu cha kueleza kompyuta na kipimo huambiana nini. Kompyuta mpya ilipounganishwa, kipimo kilikaa kimya. Marehemu alichomeka waya mwingine kati ya kipimo na ile kompyuta mgonjwa, akawa anazinasa namba zinazopita. Anabonyeza kitufe kimoja, anaandika kwa penseli. Anabonyeza kingine, anaandika. Kufikia Januari alijua namba zipi zinasema "pima" na zipi zinasema "osha mrija". Tarehe 19 Januari 2017 kompyuta ya zamani ilikufa kabisa. Kilichobaki ni daftari lake.

Februari aligundulika kuwa na saratani ya ini. Akiwa kitandani alitaka jambo moja tu, kusikia kwamba kipimo kimejibu. Daftari lilikuwa limemwagikiwa chai, hivyo binti yake, mwenye mwandiko mzuri, alimnakilia lingine safi. Kila asubuhi binti alizisoma namba kwa simu, na mkemia wa maabara, ambaye marehemu alimwita Mama Chupa, alizituma kwa kompyuta mpya.

"Kimesemaje leo?"

"Kimenuna, kaka. Kama mke mwenza."

Marehemu alicheka, kisha akamgeukia binti yake. "Soma tena, mwanangu. Polepole."

Alisoma tena. Alisoma kila siku kwa wiki tano, baba akawa anapungua mbele yake, naye binti hana la kumsaidia ila kusoma. Siku za mwisho marehemu alisema, "Kuna mahali nimekosea. Mwambieni Mama Chupa anisamehe, nimempotezea muda." Alifariki Jumanne, tarehe 11 Aprili 2017, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi.

Juzi, akitafuta tarehe za wasifu huu, binti alilifungua daftari la zamani. Mstari wa kwanza, ule wa salamu, uliandikwa mara mbili. Akakumbuka kwamba aliuona, akadhani baba amejirudia kwa uchovu, akauruka mmoja alipokuwa akinakili, kama alivyozoea kusafisha insha zake chuoni. Kumbe salamu ya kwanza hukiamsha kipimo, na ya pili ndiyo hujibiwa. Alimpigia Mama Chupa, akamwomba atume mara mbili.

"Kimejibu, mwanangu," Mama Chupa alisema. "Kinapima."

Mama yake aliuliza kutoka jikoni, "Kimesemaje?"

"Kimejibu, mama."

"Basi kamwambie baba..." Mama hakumaliza.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume, binti, wajukuu wawili na dada yake mkubwa.

Mungu ampumzishe kwa amani, na amfikishie habari hii: kosa halikuwa lake.