Fundi Sponji na Kopo la Vitu vya Watu

Jirani yetu aliwahi kuniuliza, tukiwa tunaanika nguo: "Mama, hivi bangi ya mtu mwingine inakuwaje yako mpaka ufungwe?" Leo ninaposoma maisha ya mdogo wangu nitajibu kadiri nilivyoelewa, maana wengi mliopo hapa mliuliza hivyo hivyo, wengine usoni kwetu, wengine mgongoni.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Sponji, alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 katika vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mlinzi wa ghala na mama mfua nguo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979, akamaliza darasa la saba mwaka 1985. Hesabu aliziweza, kusoma kwa sauti kulimtoa jasho. Akiwa darasa la tatu aliokota kiatu kimoja barabarani, akapita nacho mlango kwa mlango akiuliza ni cha nani. Mwenyewe alipopatikana, badala ya asante akamwuliza, "Na cha pili umekiweka wapi?" Nyumbani tulicheka mpaka baba akapaliwa. Yeye hakucheka. Alirudi barabarani kukitafuta.

Mwaka 1987 alichukuliwa na mzee mmoja fundi wa masofa. Kabla hajampa mkasi, mzee yule alimfundisha kwamba sofa ikifika, unaingiza mkono kati ya kiti na egemeo, unatoa kila kilichodumbukia, unaweka kwenye kopo, na mwenye sofa akija unampa mkononi. Marehemu alipofungua karakana yake mwaka 1994, chumba alichochangia na seremala mmoja, kopo ndilo lililotangulia kuingia. Humo zilipita hereni, funguo, sarafu, na safari moja meno ya bandia ya babu aliyekuwa amemnunia mke wa mwanawe siku nyingi akidai ameyatupa.

Tarehe 10 Agosti 1996 alifunga ndoa na mshonaji wa mapazia aliyekuwa akija kuomba vipande vya vitambaa. Wifi yangu husema alimkubali kwa sababu alikuwa akimrudishia hata pini. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Mwezi Mei 2017 mteja mgeni alileta sofa ya kubadilishwa kitambaa. Marehemu alipofumua egemeo alikuta furushi la nailoni. Alinusa, akajua ni bangi. Maishani mwake hakuvuta hata sigara. Basi akafanya alivyozoea. Furushi lilipogoma kuingia kwenye kopo, aliliweka kando yake kabatini, akafunga, ufunguo akatia mfukoni. Alikusudia mwenye sofa akija achukue kilicho chake, na sofa yake, asirudi tena. Polisi, kwa fununu ambazo hatujui zilitoka wapi, wakamtangulia yule mteja, wakafungua kabati na kulikuta furushi. Walimchukua mdogo wangu pamoja na seremala, kwa kuwa chumba kilikuwa cha wote wawili. Mwenye sofa hakuonekana tena.

Wakili aliwafuata mahabusu. Aliwaeleza kwamba kisheria kukutwa na bangi si kuishika tu; lazima upande wa mashtaka uonyeshe mtu alijua ipo, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuiweka au kuitoa. Kabati limo chumbani mwa watu wawili, akasema, kwa hiyo marehemu akikana kwamba alijua, kesi itayumba. Mdogo wangu akauliza, "Nikisema sijui, wataanza kumtazama nani?" Seremala alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi, anatazama sakafu.

Mahakamani alisema alijua, alifunga yeye, ufunguo ni wake, na seremala hana habari. Seremala akaachiwa. Hakimu, mama wa makamo, akamwuliza kwa upole, "Ulikuwa unataka kumpa nani?" Akajibu, "Mwenyewe." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alisema kama angeichukua ili aipeleke polisi, huo ungekuwa utetezi, na angeupima. Lakini kumrudishia mwenyewe hakumwokoi mtu, maana hata huyo mwenyewe haruhusiwi kuwa nayo. Sheria haikuuliza ni mali ya nani. Iliuliza nani alijua na nani aliitunza. Novemba ile ya 2017 akampa miaka mitatu. Ndivyo ilivyokuwa, jirani yangu.

Gerezani alipata kifua kikuu. Alitoka Novemba 2020, nguo zinamning'inia kama zipo kwenye msumari. Alikuta seremala amemfagilia upande wake na kuifunika cherehani yake. Wateja wachache waliorudi walipekua sofa zao wenyewe kwanza, mbele yake, ndipo wakamwachia. Yeye aligeuka, akajifanya anatafuta mkasi. Mkewe anasema hilo lilimwumiza kuliko kifua.

Dawa alimaliza, lakini mapafu yalikuwa yameshaharibika. Mwanzoni mwa 2023 aliacha kazi. Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa, na Jumapili tarehe 4 Februari, mchana, mkewe akiwa amemshika mkono, alituaga.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkubwa muuguzi na mdogo fundi aliyerithi cherehani ya baba yake, mjukuu mmoja, kaka yetu mkubwa, na mimi dada yake. Jeneza hili amelitengeneza seremala, binti mdogo akalivika kitambaa ndani. Walipomaliza, binti aliingiza mkono akapapasa pembe zote, kama alivyofundishwa. Tunamwomba Mungu ampumzishe mahali ambapo milango haifungwi kwa nje.

Kopo lipo pale mezani, karibu na mlango. Lina hereni moja, funguo kadhaa na vitu vingine ambavyo wenyewe hawakuvifuata baada ya ile kesi. Hospitalini aliniambia hivi: "Dada, liweke watu wanapopita, kila mtu achukue chake. Sitaki nikutwe tena na kitu cha mtu."