Wati Kumi na Moja

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu wa hapa Runzewe, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutufuta machozi, wanaostahili shikamoo tunawapa, na kabla hatujamsindikiza kaburini familia inaomba mtulie, maana historia ya leo haisomwi kwa ajili ya marehemu peke yake, inasomwa pia kwa ajili ya mwanamke aliyekaa pale kwenye mkeka, Juliana, mjane wake, ambaye tangu juzi jioni minong'ono inamwita mke aliyemuua mumewe kwa sababu ya samaki.

Ndugu yetu Boaz Bujiku alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika hospitali ya Kolandoto, mtoto wa nne wa Mzee Bujiku na Mama Mageni, wote wametangulia, na inasemekana hakulia mpaka mkunga alipomchapa makofi mawili, jambo ambalo mama alimtania nalo hadi ukubwani, akisema huyu hata pumzi ya kwanza tulimlazimisha kuivuta.

Alianza shule ya msingi kijijini kwetu mwaka 1987 akamaliza 1993, akaendelea na sekondari ya kutwa mjini Shinyanga hadi kidato cha nne mwaka 1997, kisha akasomea umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi na kuhitimu Desemba 1999, na dada yake mkubwa Rhoda, ndiye huyu anayewasomea, anakumbuka jinsi alivyokuwa akianika betri za redio ya baba juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, huku akiuliza kwa nini boksi linasema zitadumu na zenyewe hazidumu, mpaka baba akamfukuza akachunge ng'ombe.

Januari 2000 alikwenda Geita na cheti chake cha ufundi mfukoni, lakini kazi aliyoipata ilikuwa ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, akasimama pale miaka sita katika vumbi jeupe, kitambaa chenye maji kikiwa kimefungwa puani, na kitambaa hicho ndicho alichokiita kinga. Mwaka 2006 alipata kazi ya fundi umeme katika hoteli ya mnunuzi mmoja wa dhahabu mjini hapo, na ni katika hoteli hiyo, mwaka 2012, tajiri alipoletewa tangi la kioo lenye samaki wa baharini, ndipo Boaz alipokutana na kitu kilichomkamata akili kuliko kitu kingine chochote baada ya mke wake.

Wengi wenu mlilicheka tangi hilo, na kweli lilichekesha, kwamba mtu wa Shinyanga anaagiza mifuko ya chumvi kutoka Dar es Salaam ili kumtunza samaki asiyeliwa. Ndani yake kulikuwa na mashine ya kukamua povu, yaani bomba ambalo pampu yake huchanganya maji na hewa, povu likapanda na uchafu ukamwagika kwenye kikombe cha juu, na pampu ile ilibandikwa maandishi ya kiwandani yanayosema inakula wati ishirini na tano, lakini Boaz alipoichomeka kwenye kipima umeme chake ikasoma kumi na moja tu. Alidhani kipima kimeharibika, akarudia siku nyingi, hadi akaelewa kwamba pampu inayovuta hewa pamoja na maji inabeba mzigo mwepesi, na siku chumvi inapoziba kijibomba cha hewa, pampu inabaki na maji matupu na kuanza kula hadi ishirini. Tangu hapo likawa neno lake, alilisema arusini, alilisema kwenye vikao vya jumuiya, "ikikosa hewa inakula zaidi," na wasiomjua walidhani anasema habari za dini.

Basi akaanza kupima kila kitu, jokofu la muuza soda, mashine ya kuangulia vifaranga ya Mama Bernadina, hata spika za kanisa hili alizipima ibada ikiendelea, na kila alichokipima alikibandika kipande cha plasta nyeupe chenye namba ya kweli, mpaka wenzake wa hotelini, wakiongozwa na fundi mwenzake Mwita, wakawa wanamuuliza Juliana yeye plasta yake iko wapi na inasoma ngapi. Hoteli ilipouzwa Machi 2021 mmiliki mpya hakulitaka tangi, na Boaz akalibeba kwenye pikipiki ya matairi matatu kutoka Geita hadi hapa Runzewe, samaki wakiwa kwenye ndoo, mke akiwa amezikumbatia ndoo hizo njia nzima na akimlaani kwa upole.

Alifunga ndoa takatifu na Juliana binti Masalu tarehe 12 Novemba 2005 katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto watatu, Noela aliyezaliwa 2007, Salome 2011 na Mageni mdogo 2016, na wanaoijua nyumba ile wanajua kwamba hawakuwahi kulala wamenuniana.

Kikohozi kilianza mwaka 2019, akatibiwa kifua kikuu miezi sita bila nafuu, na Agosti 2021 madaktari wakasema ni vumbi la mawe, limekaa kwenye mapafu na halitatoka. Juni 2024 aliruhusiwa kurudi nyumbani na mashine ya oksijeni, iliyoandikwa kiwandani wati mia tatu na hamsini, akaipima siku ile ile, ikasoma mia mbili na tisini, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akabandika plasta, na kwa namba hiyo akapanga betri zake, kwamba umeme ukikatika saa nne asubuhi yeye atapumua mpaka magharibi. Chujio la nyuma ya mashine alilisafisha mwenyewe kila Jumamosi, hakumruhusu mtu aliguse, na mwezi uliopita, mikono ilipoanza kumkataa, alimwambia mkewe ameshalisafisha, kwa sababu mwanamume yule hakutaka mkewe aone kwamba hata kijichujio kimemshinda.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, upepo wa mvua za kwanza uliangusha nguzo, umeme ukakatika karibu na saa nne, na Juliana alikwenda moja kwa moja kwenye tangi ili achomoe ile pampu ya povu isile betri za mashine. Marehemu alimzuia kwa mkono, akamwonyesha plasta ya kumi na moja, kisha ile ya mia mbili na tisini, maana kusema alikuwa hawezi, na mke akatii, kama ambavyo kila mmoja wetu angetii mbele ya mtu aliyepima maisha yake yote. Mwita, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, alitumwa kuazima jenereta, lakini aliambiwa betri zinafika jioni, kwa hiyo akasubiri mvua ikatike, akala kwanza, na hakuna wa kumlaumu.

Saa kumi alasiri mashine ililia na kuzima. Juliana alimpepea kwa kanga, alimwinua akamwegemeza kifuani pake, alipiga kelele mpaka majirani wakaja mbio na wengine wakakimbilia barabarani kusimamisha gari, na gari lilipopatikana Boaz alikuwa ameshatuacha, na Mwita akaingia na jenereta mgongoni, akalitua sakafuni, akakaa juu yake akalia. Umeme ulirudi jioni ile, na waombolezaji wa kwanza kutoka Shinyanga walipofika waliikuta pampu ya povu inaunguruma yenyewe na samaki wanacheza, ndipo baba mdogo Mwigulu aliposema maneno yaliyozunguka msiba mzima, "Samaki wanapumua, mwenye nyumba amekata pumzi, huyu mwanamke alikuwa analinda nini?"

Jana mchana, mbele ya wazee, Mwita alileta kipima umeme cha marehemu. Alichomeka pampu ya povu, ikasoma kumi na moja, wote mliona, kisha akachomeka mashine ya oksijeni yenye plasta ya mia mbili na tisini, ikasoma mia tatu na tisini, na alipofungua nyuma akatoa chujio lililoganda vumbi jeupe, vumbi la karasha lililofunguliwa mtaani hapa Julai mwaka huu, vumbi lile lile lililomjaa kifuani tangu ujana wake. Mashine ilikuwa imekosa hewa ikawa inakula zaidi, na ndugu yetu, aliyewafundisha watu wa mikoa miwili wasiamini kibandiko cha kiwanda, aliuawa na kibandiko alichokiandika kwa mkono wake.

Baba mdogo Mwigulu alisimama akaomba radhi, familia inamshukuru, na tulidhani yameisha, lakini Juliana hakuinua kichwa, aliuliza tu, "Shemeji Mwita, ningezichomoa zile kumi na moja, tungepata muda gani?" Mwita hajawahi kujua kudanganya habari za umeme, akajibu, "Kama dakika kumi, shemeji, labda hazifiki." Akamuuliza tena, "Na wewe uliingia muda gani baada ya yeye kwenda?" Mwita akatutazama sisi sote mmoja mmoja, nasi tukatazama chini, kwa sababu siku ile hakuna aliyetazama saa.

Hatujui, na familia inawaambia hadharani kwamba hatujui na hatutaki kujua, na yeyote atakayekuja kwa mjane huyu na hesabu za dakika, awe ndugu au jirani, atakuwa amejitoa mwenyewe katika ukoo wa Bujiku. Juliana, wifi yetu, ulizuiwa na mkono uliokuwa unakupenda, shika hilo, hata kama usiku wa leo halitakusaidia, maana sisi hatuna kingine cha kukupa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka yote hii, majirani mliokimbia kwenye mvua, wafanyakazi wenzake wa hotelini mliotoka Geita, mwenye jenereta ambaye amekataa lirudishwe mpaka tumalize msiba, na Mama Bernadina aliyekesha akiwashika watoto. Tunamshukuru pia Noela, ambaye leo alfajiri, bila kuambiwa na mtu, alichukua sindano akazibua kijibomba cha hewa cha pampu ile, chumvi ikiwa imekiziba usiku, kama baba yake alivyomfundisha, akakaa sakafuni kuitazama mpaka povu likapanda, na mama yake akaja akakaa kando yake.

Boaz, mtoto wa Bujiku, Baba Noela, kazi ya kuvuta hewa imekuchosha vya kutosha, sasa pumzika kwa amani, na ya huko uivute bila kuipima.