Ndinda Maxwell na Sindano ya Mgongo

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutushika mkono, Ndinda Maxwell alizaliwa tarehe 9 Aprili 2016 hapa Majengo, mtoto wa pekee wa Maxwell Mutiso, dereva wa lori kule Shimanzi, na mkewe Mwikali, muuza nguo Mwembe Tayari. Alianza chekechea Januari 2020, akafika gredi ya tatu, akipenda hesabu na kubishana na walimu. Kazi na ndoa hakujaliwa kuzifikia.

Mwezi Mei 2024 homa zilimwandama, akawa anatokwa na damu puani, na tarehe 3 Juni madaktari wakasema ni saratani ya damu. Matibabu yalihitaji sindano ya mgongo, na mara ya kwanza alishikwa na watu wanne, Mwikali mwenyewe akiambiwa amkandamize miguu, naye akatii huku analia, akidhani ndivyo mtoto anavyoponywa. Tangu siku hiyo Ndinda hakumsemesha mamake, hata chakula alikikubali kwa mkono wa babake tu.

Mwezi Agosti alihamishiwa hospitali nyingine, walikomkuta muuguzi Zakiya Kamaludin, mzaliwa wa Mji wa Kale, ambaye siku ya sindano, alipomwona Mwikali anaelekea miguuni pa mtoto, alimzuia.

"Hapa mtoto hakandamizwi, mamangu. Wewe kaa kichwani, akuone."

Akampaka Ndinda dawa ya ganzi mgongoni, wakangoja ishike, daktari akamtia dawa ya usingizi, na Ndinda alipozinduka akauliza, "Tayari?", kisha akamkumbatia mamake shingoni. Hofu haikuisha, kila safari alitapika njiani, lakini alikubali kwenda, mradi mama yupo.

Februari 2025 ugonjwa ulirudi, dawa zikashindwa, wazazi wakaamua akae nyumbani. Asubuhi ya tarehe 22 Juni aliuliza, "Mama, kesho kuna sindano?"

"Hakuna, mwanangu."

"Unanidanganya?"

"Sikudanganyi."

Akalaza kichwa pajani pa mamake, na mchana huo akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, hasa Zakiya, majirani waliotupikia na kutufulia, na madereva wenzake Maxwell waliojitolea kutoa damu. Mwikali ameomba mtoto wake asiitwe shujaa, kwa kuwa alikuwa mtoto, na aliumia.

Pumzika kwa amani, Ndinda wetu.