Neno Chini ya Kikaratasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye mbali na redio asogee. Leo tunamkumbuka mzee mmoja ambaye pengine hamkuwahi kumwona, ila inawezekana kabisa mmewahi kutamka neno lake. Wenzake kazini walimwita Penseli. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Na alikuwa mtunga maneno.

Nasema tena, mtunga maneno. Si mashairi, si hadithi. Maneno yenyewe, moja moja, na maana zake.

Penseli alisahihisha kwa miaka thelathini na moja, katika chumba kimoja, kwenye meza ileile karibu na dirisha. Ng'ambo ya ukuta mashine zilinguruma mpaka chai ikatetemeka kikombeni. Alisoma kila kitu kabla hakijachapwa: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, maelezo ya dawa ya kikohozi. Penseli nyekundu haikumtoka sikioni. Lakini mtu anayeshinda kutwa akirekebisha maneno ya wenzake, naye hupata hamu ya kutengeneza ya kwake. Akanunua daftari lenye jalada gumu, akaanza.

Daftari hilo ninalo hapa studio. Niwasomee kidogo. “Kikohodi: kikohozi cha mtu mzima aliyefika mlangoni na anaona uvivu kubisha.” “Njiongo: umbali alionao mtu aliyekwambia yuko njiani, kumbe bado anatafuta soksi.” “Soksijane: soksi iliyofiwa na mwenzake siku ya kufua.” “Kukeshoza: kuisogeza kazi ya leo mpaka kesho, na ile ya kesho kuiambia impishe mwenzake.” Na hili hapa: “Kuaganda: kuaga, kisha kuganda mlangoni ukiongea, mpaka miguu ya mwenyeji iombe kiti.” Hilo la mwisho lishikeni. Kuaganda. Tutakutana nalo tena.

Nyumbani alikuwa na wasikilizaji wawili: mkewe, ambaye ni mshonaji, na binti yao wa pekee. Mkewe ananiambia kwamba Penseli alikuwa akiingia na neno jipya hata viatu hajavua. Yeye akicheka, pini alizobana mdomoni zinaanguka, kisha wote wawili wanapiga magoti sakafuni kuzitafuta.

Binti aliyapenda maneno hayo kuliko mama yake. Na hapo ndipo palipoharibika. Akiwa na miaka kumi aliandika insha shuleni, akaweka mgeni aliyeingia kwa kikohodi. Mwalimu akalizungushia wino mwekundu na kuandika kando: neno hili halipo. Darasa likamcheka. Siku ile alirudi nyumbani kanuna, chakula hakukigusa, na baba yake alipombembeleza akamjibu, “Baba, maneno yako hayapo.”

Penseli aliumia, tena sana. Baadaye alimwambia mkewe kwamba hatafuti sifa wala jina. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: amsikie mtu asiyemjua akitamka neno lake, bila kulicheka, kama neno lililokuwepo siku zote. Mtu asiyemjua. Neno moja.

Mwaka uliofuata, wasikilizaji wapendwa, likatokea kosa. Kiwandani waliletewa kitabu cha kusoma cha darasa la nne. Ndani yake kulikuwa na mgeni aliyeaga, akasimama mlangoni, akaendelea kuzungumza. Penseli hakuweza kujizuia. Pembeni mwa ukurasa akaandika kwa penseli yake nyekundu: aliaganda. Mpangaji wa herufi alikuwa amezoea kuitii penseli ile bila kuuliza. Akafuta sentensi nzima, akaweka: mgeni aliaganda mlangoni. Lilipokuja kuonekana, vitabu vilikuwa vimeshachapwa na kushonwa. Vitabu elfu nne.

“Mpaka leo sijui kama alisahau kulifuta au aliliacha makusudi,” mkewe ameniambia. “Nilimuuliza mara nyingi. Kila nikimuuliza, anaanza kusafisha miwani.”

Msimamizi alifoka mpaka akazishinda mashine. Hakumfukuza, ila alimpa adhabu ya aina yake. Penseli akate vikaratasi vyeupe, vidogo kama kucha ya kidole gumba, abandike kimoja juu ya neno lile katika kila kitabu, kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu. Alilifunika neno lake mara elfu nne, wenzake wakipita na kukohoa kikohodi ili kumtania. Siku ya mwisho alirudi nyumbani na gundi vidoleni, akaliweka daftari juu ya kabati, nyuma ya marobota ya vitambaa vya mkewe.

Hakutunga tena. Miaka ishirini na miwili, hata neno moja. Alistaafu. Binti alikua, akawa fundi umeme. Anasema alikuwa akiliona jalada la daftari kila alipopanda kubadilisha balbu ya chumba kile, na kila mara alitaka kumwomba baba yake radhi. Hakujua aanzie wapi, akawa anakeshoza.

Mwezi uliopita moyo wa Penseli ulianza kumsumbua, akalazwa. Jioni moja saa za kuwaona wagonjwa zilikwisha. Mkewe na binti yake walikuwa wameshamuaga mara tatu, na bado walikuwa mlangoni mwa wadi. Mama amekumbuka shuka, binti amekumbuka chaja, mama amekumbuka kuuliza kama dawa ni kabla ya kula au baada. Nesi mmoja, rika la binti yao, akapita na trei mkononi.

“Mama, dada, muda umekwisha,” akasema. “Tafadhali msiagande hapo mlangoni.”

Penseli akajiinua kwa kiwiko. Akamuuliza nesi neno hilo kalitoa wapi.

“Neno gani, baba? Kuaganda?” Nesi alishangaa kuulizwa. “Si ni Kiswahili tu? Lilikuwa kwenye kitabu chetu cha shule, chini ya kikaratasi. Darasa zima tulikibandua. Tukasema, kama limefichwa hivi, basi ni la maana.”

Akaeleza kwamba kwao wanalitumia kila siku, na mama yake huwafukuzia nalo majirani. Kisha akaenda zake kitanda cha pili. Hakucheka, na wala hakujua anazungumza na nani.

Binti akarudi kitandani, muda uwe umekwisha au haujakwisha. Akamshika baba yake mkono.

“Baba,” akasema, “lipo.”

Penseli alilia na kucheka kwa pamoja, mpaka mgonjwa wa jirani akadhani amezidiwa, akamwita nesi yuleyule.

Kesho yake daftari lilishushwa kutoka juu ya kabati. Penseli aliishi siku tisa zaidi, na katika siku hizo tisa alitunga maneno sita. Sikieni moja: “Pumzikelele: kuamshwa ili uulizwe kama umelala vizuri.” Na lile la zamani akalirudia kwa penseli nyekundu, maana msahihishaji ni msahihishaji. Akakata maana ya kwanza, akaandika hivi: “Kuaganda: kuaga kwa mdomo huku moyo haujakubali kuondoka.”

Kwako mama mshonaji, na kwako binti fundi umeme, poleni sana. Sisi wote hapa studio tuko pamoja nanyi. Binti ameniambia daftari limebaki na kurasa kumi na tisa tupu, na ameshaanza kuzijaza.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila nyumba ina neno lake lililotungwa na mtu wake. Leo litamkeni. Na kama yupo mtoto aliyewaletea neno ambalo halipo, ngojeni kidogo kabla ya kuchukua wino mwekundu.

Mzee Penseli, kwaheri. Fundi mitambo ananionyesha saa kupitia kioo. Nimeshaaga mara mbili, na kipaza sauti sijakizima. Naaganda.