Mkono Mmoja na Mguu Mmoja wa Papa Murhula

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2001, Papa Déogratias Murhula anastaafu baada ya kufundisha anatomia kwa miaka thelathini na mmoja katika shule yetu ya uuguzi, hapa mtaani Nguba. Maman Préfet, mkuu wa shule, ameniomba mimi niandike maneno haya ya kumuaga, ingawa nimemaliza masomo juzi tu.

Papa Murhula hajawahi kufundisha akiwa ameketi. Hutembea kati ya madawati, hugeuza shingo dirishani kila gari lipitapo kwa kasi, kisha huendelea pale pale alipoachia. Kila asubuhi tulisimama wote kufanya naye: kukunja kiwiko, kukinyoosha, kupeleka mkono mbali na mwili, kuurudisha, kuzungusha bega. Aliyekosea alirudia peke yake mbele. Mimi nilirudia mara nyingi.

Oktoba 1996, vita ilipoingia mjini, kiunzi cha mifupa cha shule kiliporwa. Ulibaki mkono mmoja na mguu mmoja, kwa sababu wiki ile alikuwa amevipeleka nyumbani kubadilisha nyaya za viungo. Tangu hapo hakuviacha shuleni hata siku moja. Kila jioni aliondoka navyo katika mfuko wa unga. Mengine tulijifunza kwa mguu wa mbuzi kutoka soko la Kadutu: ngozi inayofunika, msuli unaovuta, neva inayopeleka habari, kano inayounganisha. Mkewe, Maman Eulalie, alisubiri somo liishe ndipo aupike.

Mwaka 1999 mfuko ulimponza. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alisikia vitu vinagongana ndani.

— Papa, mu mufuko iko nini?

— Mifupa, chef. Ya masomo.

— Ya masomo? Hii iko ya mutu! Weye unaua batu?

Wakakoki bunduki. Papa Murhula akachuchumaa barabarani, akaunganisha paja na muundi.

— Angalia, chef. Goti inakunja, inanyoosha, basi. Bega ndiyo inazunguka. Zungusha ya yako.

Askari akazungusha.

— Muangalie ye, anacheza ndombolo! wenzake wakacheka.

Mmoja aliyechechemea akauliza:

— Na goti yangu inauma juu ya nini, muzee?

Papa Murhula akampapasa goti, akamwonyesha namna ya kulifunga kitambaa. Wakamwachia njia, ila pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele, ilibaki kwao. Mmoja aliitaka iwe hirizi. Tangu hapo tumetumia kipande cha mti alichokichonga mwenyewe.

Sasa anahamia Kalehe, na mfuko hauwezi kupita vizuizi vya njia ile. Ukilala shuleni utaibwa, na wanafunzi wa mwaka ujao watajifunza viungo kwa mdomo tu. Katika mkutano wa wiki iliyopita wa kutafuta nani ataupeleka nyumbani kila jioni, mwalimu Benoît alisema wazi:

— Mimi nikipita bariere na mifupa ya mutu, mutakuya kunizika.

Papa Murhula alizunguka chumba kizima. Mimi nilikuwa nagawa chai. Nyumba yetu iko nyuma ya ukuta wa shule, hakuna kizuizi katikati. Nikainua mkono.

— Hautaogopa, mutoto yangu?

— Nitaogopa, Papa. Lakini nitaibeba.

Tangu Jumatatu naondoka na mfuko kila jioni, na kila jioni amepita kwetu kuuliza kama mahali ni pakavu.

Ni pakavu, Papa. Asante kwa miaka yote. Tunakuombea Kalehe yenye afya, amani na usingizi mrefu. Usirudi kuuangalia. Na ukirudi, piga hodi tu; nitakufungulia, nikuonyeshe.