Goli la Juzi

Basi lilipotoka stendi ya Mikumi kwenda Kilosa, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa bado anarudia kutazama kwenye simu goli la timu yetu ya taifa ya wanawake lililokataliwa juzi. Mzee wa Kimasai pembeni yake akachungulia.

“Shikamoo baba. Hebu ona, hapo kuna ofsaidi?”

“Marahaba. Hakuna. Beki wao yupo nyuma kabisa.”

“Na refa ameitwa kwenye VAR, ameangalia video hii hii, amekataa. Wangetuwekea kamera nyingi kama za wanaume.”

“Kamera zinasaidia nini, mama? Mwaka jana niliposhtakiwa kulisha shamba, nilipeleka video baraza la kijiji. Ng'ombe wangu wanapita njiani, hawajagusa shamba la mtu. Mwenyekiti akaitazama, akasema nina kosa.”

“Hata sisi wakulima tulipeleka yetu. Ng'ombe wamejaa kwenye mahindi, mchana kweupe. Tukaambiwa haionekani vizuri.”

Sikuwahi kusikia mkulima na mfugaji wa Kilosa wakikubaliana jambo. Siku hiyo walikubaliana kwamba haki haipo.

“Binti yangu anachezea timu ya shule,” mama akasema. “Tangu juzi hajagusa mpira. Ananiuliza, mama, nami nikifunga watakubali?”

Mzee akaomba alione goli tena.

Tulipokaribia Kilosa gari likasimama. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, wakitokea upande wenye mahindi. Mama akafungua kamera ya simu. Mzee akamtazama, kisha akamshushia kioo ili safari hii video ionekane vizuri.

“Rekodi, mama,” akasema. “Rekodi tu.”