Mzee Aliyeniita Maitu

Nawasalimu, wapendwa. Wimbo tutaimba nikimaliza, kwa sababu nikianza nao nitalia nishindwe kuongea.

Mnanijua, mimi ni Nyambura wa hapa Ruring'u. Nikisomea uuguzi, tulipelekwa wodi ya wagonjwa wa akili tujifunze chini ya muuguzi mkuu, sista mmoja mkali. Siku ya kwanza mzee mmoja akaniuliza jina. Nikamwambia. Akavua kofia, akaniita maitu, yaani mama. Marehemu mama yake aliitwa Nyambura.

Ndugu zangu, mnajua kwetu hiyo ni heshima. Aliye na jina la mama yako ni mama yako, hata akiwa mtoto mdogo. Nikaitika. Nani hapa hangeitika?

Basi kila asubuhi namkuta ameketi kitandani, amevaa viatu. "Maitu, umekuja kunichukua?"

"Ngoja kidogo," namjibu.

Wenzangu walicheka, ati nimejifungua mzee. Mimi nikaanza kuogopa jina langu. Nyumbani nikiitwa, nashtuka.

Halafu mzee akatulia. Akala, akanyoa ndevu, akatabasamu. Nilifurahi sana, hadi nilipoona amempa jirani yake sweta, na baridi ya Julai mnaijua.

"Huko naenda na maitu hakuna baridi," akasema.

Nilitaka kutoka na nisirudi tena. Nikamkimbilia sista, nikingoja kugombezwa.

"Twende tumuulize," akasema. "Utauliza wewe. Mimi niko hapo kando yako."

"Sista, si tutampa hilo wazo?"

"Kuuliza hakumpi wazo. Uliza."

Nikaketi. "Baba, mimi ni mwanafunzi, si mama yako. Unafikiria kujiua?"

"Leo," akasema. "Watu wakienda kula. Si wewe uliniambia ningoje?"

Nawaambia ukweli, nilimgeukia sista aniondoe. Lakini sista hakuniondoa pale, na mzee hakuachwa peke yake, siku hiyo wala zilizofuata. Alilia, akatibiwa, akarudi kwa watoto wake. Yuko hai.

Namshukuru Mungu, na yule sista aliyesimama kando yangu. Bila yeye singekuwa muuguzi leo. Nanyi, mkiona mtu wenu ametulia ghafla na anagawa vitu vyake, msishangilie. Muulizeni wazi, na msimwache peke yake.

Na kama ni wewe, umeketi hapo kati yetu na viatu umeshavaa, ibada ikiisha mimi nitakuwa hapo mlangoni. Usingoje kidogo. Njoo.